Kwa nini mfumo hurekebishwa usiku wa manane?

Umewahi kutuma pesa saa nane usiku ukaambiwa mfumo unafanyiwa marekebisho? Wakati mwingine shida ni draiva, yaani programu inayoiwezesha seva kuongea na kadi yake ya mtandao. Draiva hufanya kazi ndani kabisa ya mfumo endeshi, ndiyo maana ikiwa na hitilafu inaweza kuangusha seva nzima. Mafundi huitia kiraka, wakianza na seva ya majaribio, kisha zingine moja moja. Usiku wateja ni wachache.

Wewe je? Usikimbilie kutuma tena, usije ukalipa mara mbili. Angalia salio kwanza. Na mtu akikupigia eti anataka PIN "arekebishe mfumo", kata simu. Kiraka cha seva hakihitaji PIN yako.