Mwangwi wa Sumaku na Ubora wa Oili Viwandani

Katika viwanda vya chai vya Kebirigo, Sanganyi na Nyansiongo kaunti ya Nyamira, na vya Kiamokama, Nyamache na Ogembo kaunti ya Kisii, majani mabichi husagwa na rola zenye meno zinazozungushwa na mota na giaboksi, ambazo hazidumu bila kilainishi, yaani oili au grisi inayotandaza utando mwembamba kati ya vyuma ili visilane. Kwa kuwa viwanda hivyo, vinavyosimamiwa na KTDA, shirika la chai la Kenya, ni mali ya wakulima wadogo wenyewe, giaboksi inayokatika meno hula bonasi yao.

Kuipima oili kwa rangi hupotosha. Oili ya injini ya dizeli, kwa mfano, huwa nyeusi mapema kwa sababu viungio vyake vya kusafisha hushika masizi yasigande kwenye vyuma, hivyo weusi peke yake si ushahidi wa kuharibika. Kipimo cha maana zaidi ni mnato, yaani jinsi oili inavyokinza kutiririka, pamoja na uchafu ulioingia ndani yake.

Hapo ndipo mwangwi wa sumaku unapofaa, kanuni iliyothibitishwa na Felix Bloch na Edward Purcell mwaka 1946 na ambayo hospitali huitumia katika mashine za MRI. Viini vya atomu za haidrojeni, ambazo zimejaa katika oili, hutenda kama sumaku ndogo: vikiwekwa katika uga wa sumaku wa tesla 0.5, huitikia mawimbi ya redio ya takriban megahezi 21, na mawimbi hayo yakikatwa, mwitikio wao hufifia kwa kipindi kinachoitwa muda wa kutulia. Kadiri molekuli zinavyojongea polepole, ndivyo mwitikio huo unavyofifia upesi.

Kwa hiyo oili iliyochakazwa na joto na hewa, ambayo molekuli zake zimeungana na kuwa nzito, huonyesha muda mfupi, ilhali ya injini iliyoingiwa na dizeli huonyesha muda mrefu zaidi. Hata hivyo, chembe za chuma kilichosagika nazo hufupisha muda huo kwa usumaku wake, na joto hubadili mnato. Ndiyo maana sampuli hulinganishwa na oili mpya ya aina ileile katika halijoto ileile, na chuma hupimwa kwa njia nyingine.

Kipimo hiki hakihitaji mtambo mkubwa kama wa hospitali, kwani tangu miaka ya 1990 watafiti wa Aachen, Ujerumani, walionyesha kwamba sumaku za kudumu zinatosha kuunda kihisi kinachobebeka. Kiwanda kinachobadilisha oili kwa kuhesabu saa pekee huweza kumwaga iliyo nzima au kuendelea na iliyokwisha. Kinachoifuatilia hali yake hununua oili inapohitajika, hupunguza taka zinazoweza kuishia Mto Gucha, na hugundua kasoro ya giaboksi kabla msimu wa majani mengi haujakatizwa.