Mishahara ikisitishwa, chama cha walimu hujadili nini?

MWALIMU wa shule ya umma anayeishi katika wadi ya Kaloleni, mjini Voi, huajiriwa na tume iliyo na makao yake Nairobi. Chama kinachomtetea hujadiliana na mwajiri huko huko Nairobi. Hata hivyo, matokeo ya mazungumzo hayo hupimwa mwisho wa mwezi katika Kaunti ya Taita Taveta, anapolipa kodi ya nyumba na kununua ndizi za Taveta na mboga za Wundanyi ambazo bei yake hupanda kila nauli na mafuta yanapopanda.

Ndiyo maana tangazo la Juni 2021 liliwashtua wengi. Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC), iliyoongozwa wakati huo na Bi Lyn Mengich, ilitangaza kwamba haingetathmini upya mishahara ya watumishi wa umma kwa miaka miwili ya kifedha, 2021/22 na 2022/23. Sababu iliyotolewa ni kudorora kwa uchumi kutokana na janga la Covid-19.

Kusitisha nyongeza si kupunguza mshahara. Mtumishi huendelea kupokea kiwango kilekile, na anayepandishwa daraja hulipwa kwa kiwango cha daraja jipya. Linalositishwa ni kuvipandisha viwango vyenyewe.

Lakini fedha zisizoongezeka hupungua nguvu. Tuchukue mfano wa mtu anayelipwa Sh40,000. Iwapo bei za bidhaa zitapanda kwa asilimia 7 kila mwaka kwa miaka miwili, atahitaji takriban Sh45,800 ili anunue vitu vilevile. Pengo hilo la Sh5,800 ni hasara, ingawa hati yake ya malipo haionyeshi makato yoyote. Kumbuka kwamba mfumko wa bei nchini ulifika asilimia 9.6 mnamo Oktoba 2022, katikati ya kipindi hicho cha kusitishwa kwa nyongeza.

Nani ana kauli ya mwisho?

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma, na kukipa chama haki ya kujadiliana na mwajiri. Kifungu cha 230 nacho kinaipa SRC jukumu la kuishauri serikali kuhusu malipo ya watumishi wote wa umma, huku ikizingatia iwapo taifa litamudu gharama hiyo kwa muda mrefu. Haki hizi mbili zinapokutana mezani ndipo mvutano huzuka.

Mvutano huo ulifika mahakamani mwaka wa 2015. Mnamo Juni 30, Jaji Nduma Nderi aliamuru walimu waongezwe mishahara kwa kati ya asilimia 50 na 60. Serikali ilikataa kulipa, na walimu wakagoma kwa takriban wiki tano. Novemba mwaka huo, Mahakama ya Rufaa ilifutilia mbali nyongeza hiyo na kusema kuwa ushauri wa SRC sharti ufuatwe. Tangu hapo, Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) haiwezi kutia sahihi kiwango chochote cha fedha ambacho SRC haijakiidhinisha.

Kujadili bila fedha

Je, chama kikikuta mlango wa fedha umefungwa, kirudi nyumbani? Julai 2021, vyama vya KNUT, KUPPET na KUSNET vilitia sahihi mkataba wa 2021 hadi 2025 usiokuwa na nyongeza hata ya shilingi moja. Badala yake, likizo ya uzazi iliongezwa kutoka siku 90 hadi 120, na ya akina baba kutoka siku 14 hadi 21.

Wanachama wengi walinung'unika, na walikuwa na haki. Siku 30 za likizo ni jambo kubwa kwa mama aliyejifungua, lakini hazimlipii kodi mwalimu asiyezihitaji. Hata hivyo, viongozi hawakukubali kwamba suala la fedha lilikuwa limezikwa. Kipindi cha kusitishwa kilipomalizika, walirejea mezani, na Agosti 2023 kukatiwa sahihi nyongeza ya kati ya asilimia 7 na 10 kuanzia Julai 1, 2023, italipwa kwa awamu mbili.

Hatari ya awamu

Hapo ndipo penye mtego. Mnamo Oktoba 1997, miezi miwili kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ya Rais Daniel arap Moi iliwaahidi walimu nyongeza ya asilimia 150 hadi 200 kwa awamu katika miaka mitano. Awamu ya kwanza ililipwa, kisha malipo yakakwama. Walimu waligoma mwaka wa 1998 na tena 2002, na sehemu ya deni hilo ikaendelea kudaiwa miaka mingi baadaye.

Awamu ya pili ya mkataba wa 2023 nusura ifuate mkondo huo. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipoondolewa kufuatia maandamano ya vijana, bajeti ilikatwa na walimu wakaambiwa wasubiri. Fedha zilipatikana baada ya ilani ya mgomo kutolewa. KNUT ilisitisha mgomo wake kabla haujaanza, nayo KUPPET ikagoma kuanzia Agosti 26 na kurejea kazini wiki moja baadaye.

Mkataba unaotumika baada ya huo ulitiwa sahihi Julai 18, 2025, kwa kipindi cha hadi 2029 na kwa gharama ya Sh33.8 bilioni. Utekelezaji wake unaupitia uchaguzi mkuu wa 2027.

Kwa hivyo, mwanachama wa Kaloleni, awe mwalimu au muuguzi aliyeajiriwa na kaunti, anapaswa kumuuliza mwakilishi wake wa tawi maswali manne kabla ya kushangilia au kulaani mkataba. Je, SRC imeidhinisha kiwango hicho? Je, mkataba umesajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambako ndiko hupata nguvu za kisheria? Je, fedha za kila awamu zimetengwa katika bajeti ya mwaka husika? Na endapo nyongeza itasitishwa tena, ni kipengele gani kinachovirejesha vyama mezani, na kwa tarehe gani?

Walimu wa 1997 walikuwa na asilimia kubwa kuliko zote, lakini hawakuwa na jibu la swali la tatu.