Sura ya Saba: Mbwa Ana Mwenyewe

Kituo cha kutunzia wanyama kinachojulikana katika mkoa wetu wa Maniema, Kongo, si cha mbwa. Kiko Kindu, kinaitwa Kasuku Wetu, na hupokea kasuku wa kijivu waliokutwa mikononi mwa wafanyabiashara: wamenaswa kwa ulimbo, wamekatwa manyoya ya mabawa, wamesongamanishwa vikapuni kungoja usafiri. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao wanaotoka porini, na marufuku ikaanza kutumika Januari 2017. Lakini mtego hausomi mikataba, na kila kasuku anayepamba baraza la mkubwa fulani mjini anawathibitishia wategaji kwamba soko lipo. Kwa mnyama kama huyo kituo ni lazima, maana kwao ni msituni na mtu amemtoa huko kwa nguvu. Anayetaka kukisaidia ataanza kwa kutonunua kasuku. Mambo ya chikichi na franga za kuwalisha yatafuata.

Mbwa ni habari nyingine. Kila mara huzuka mtu mwenye nia njema, mara nyingi amerudi kutoka Ulaya au Nairobi, anayeona kwamba Kasongo, Kabambare na Lusangi zinahitaji nyumba ya mbwa waliotupwa, yenye vizimba na bango langoni. Nairobi ina sababu zake: KSPCA, chama cha kutetea na kutunza wanyama, kipo tangu 1910, na jiji la mamilioni kweli lina mbwa wasiojulikana walikotoka. Katika vijiji vya Wabangubangu na Wazimba hali haiko hivyo. Mbwa anayelala katikati ya barabara ana mwenyewe, na mtoto yeyote wa jirani atakutajia jina la mwenyewe huyo. Watafiti waliohesabu mbwa vijijini Tanzania walikuta vivyo hivyo: wanazurura mchana kutwa, lakini wasio na nyumba kabisa ni wachache sana. Ukijenga vizimba mahali kama hapo utakuwa umejenga jalala la watoto wa mbwa, kwa sababu kila ambaye jike lake limezaa sita atajua pa kuwapeleka watano, na jike litazaa tena mwaka huohuo. Nyumba mbwa wetu anayo. Anachokosa ni yale ambayo mwenye nyumba anapaswa kumtendea, na la kwanza kati ya hayo ni chanjo ya kichaa cha mbwa.

Hapa nakutana na kosa la pili, ambalo ni baya zaidi kwa kuwa hutolewa kwa amri. Mtoto akishakufa kwa kichaa, wakubwa huagiza mbwa wote wanaozurura wapigwe. Inaonekana ni akili ya kawaida: mbwa wakipungua, ugonjwa utapungua. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilijaribu kwa bidii ambayo hakuna teritwari yetu itakayoiweza. Kichaa kiliingia huko mwaka 1997, na mwaka uliofuata sehemu ya mashariki ya kisiwa iliua karibu 70% ya mbwa wake. Mwaka 2004 ugonjwa ulikuwa bado upo. Sababu zinaeleweka. Mbwa mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na kidogo tu, hata mbwa wawe wengi au wachache, kwa kuwa yeye mwenyewe hutembea mbali kuwatafuta wa kuwauma. Tena watu hawakai kutazama mbwa wao wa kuwindia akipigwa rungu. Watamficha, au watampakia kwenye pikipiki mpaka kwa shemeji kijiji cha tatu, na kama tayari ana virusi, amri imevisafirisha. Waliouawa nao watafidiwa na watoto wa mbwa ambao hawajawahi kuona sindano. Na rungu halichagui: linamuua pia yule aliyechanjwa, yaani ukuta wenyewe uliokuwa unawazuia wengine wasifikiwe.

Kinachofanya kazi kinajulikana, na kimejaribiwa karibu nasi. Ukichanja mbwa 70% katika kila kijiji, mnyororo unakatika, kwa sababu yule mmoja na kidogo anayetafutwa na mgonjwa mara nyingi atakuwa na kinga. Wilaya ya Serengeti, Tanzania, ilianza kampeni mwaka 1996: kichaa kwa mbwa kilishuka kwa 70% baada ya mzunguko wa kwanza na kwa 97% baada ya wa pili, na watu waliokimbilia hospitali kwa kuumwa wakapungua. Pemba walikikata mwaka 2014, kikarudi mwaka 2016 kwa mbwa waliokuja na virusi kutoka nje ya kisiwa, wakakikata tena kufikia Oktoba 2018. Najua pingamizi: Pemba ni kisiwa, sisi tumezungukwa na pori. Basi itazameni Serengeti, yenye fisi na mbweha pande zote. Utafiti wa huko ulionyesha kwamba wanyamapori huugua kwa kuumwa na mbwa, lakini hawawezi kuuendeleza ugonjwa peke yao. Mbwa wa nyumbani wakikingwa, porini nako kunatulia.

Mpango wa sura hii ulikuwa kumpa mbwa theluthi moja na kuwaachia paka na kasuku zilizobaki. Chungu cha kutunzia chanjo kimeuvuruga. Kila anayesikia habari ya chanjo husema kwamba Lusangi haina umeme wa kutegemewa wala friji ya kutosha, na kwamba mvua ikinyesha gari haliwezi kufika kutoka Kasongo, sembuse kutoka Kindu. Ni kweli, na kwa miaka mingi jibu halikuwepo. Kisha watafiti waliofanya kazi Tanzania wakapima chanjo moja ya mbwa inayotumika sana na kukuta kwamba hata ikikaa miezi sita kwenye nyuzi 25, au miezi mitatu kwenye nyuzi 30, bado inampa mbwa kinga kama ile iliyotoka kwenye friji. Kutokana na hilo likazaliwa wazo la chungu: kikubwa cha udongo, ndani yake kingine kidogo, katikati mchanga, na mchanga huo humwagiwa maji. Maji yanapopenya udongo na kuvukiza huondoka na joto, kama yanavyofanya kwenye mtungi wa maji ya kunywa ambao bibi zetu waliuweka kivulini bila kumwuliza mtaalamu yeyote. Dozi hukaa ndani ya chungu kidogo, pamoja na kipimajoto. Mkoani Mara vyungu hivyo vimewekwa vijijini, na mtu wa kijiji aliyefundishwa anachanja mwaka mzima, badala ya kungoja gari la wilaya lije siku moja, likute nusu ya watu wako shambani, likarudi.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mbwa wa kijijini haishi sana. Wengi hawafiki miaka mitatu, na nafasi zao hujazwa na watoto. Kampeni ya siku moja ikifikia 70% mwezi Juni, miezi kumi baadaye kiwango kimeshuka bila mtu kufanya kosa lolote, kwa vifo na vizazi tu. Anayekaa kijijini anajua jike la nani limezaa, na anaweza kuwachanja watoto wangali wadogo. Wazo kwamba mtoto wa mbwa asichanjwe kabla ya miezi mitatu limepitwa na wakati, na Shirika la Afya Duniani linataka achanjwe pamoja na wengine. Msomaji makini atasema kwamba hewa ya Maniema ina unyevu kuliko ya Mara, na kwamba maji huvukiza polepole penye unyevu. Ni sahihi, chungu hakitapoza kwa kiwango kilekile. Lakini hakidaiwi kufikia ubaridi wa friji. Kinadaiwa kuiweka chanjo chini ya nyuzi 30 kwa wiki kadhaa, kivulini, na sharti hilo ni jepesi. Kama kuna nyumba ya wanyama ninayoweza kuichangisha fedha Lusangi, ni hiyo: vyungu kadhaa, dozi, sindano, daftari la majina ya wenye mbwa, na mfinyanzi analipwa palepale.

Adui aliyebaki ni mkaidi zaidi ya joto. Anayeumwa hukimbizwa kwa mganga, au huwekewa jiwe jeusi juu ya kidonda, au ndugu hukaa kutafuta ni nani aliyemloga. Jiwe jeusi ni mfupa uliochomwa. Limejaribiwa maabara kwa panya waliopewa sumu ya nyoka na halikusaidia kitu. Kwa virusi vya kichaa, ambavyo havikai kwenye damu bali hupanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, hakuna cha kunyonya. Inafaa kueleza kwa nini upuuzi huu haufi. Kwanza, si kila anayeumwa na mbwa mwenye kichaa huugua, hata bila dawa. Inategemea kidonda kiko wapi na kina kina gani. Mganga hujipatia sifa kwa wote waliopona wenyewe. Pili, ugonjwa huchelewa: miezi miwili au mitatu, pengine zaidi ya mwaka. Mtoto akianza kuogopa maji, hakuna anayekumbuka mkwaruzo wa kiangazi, na jirani mwenye wivu yuko karibu kuliko kumbukumbu. Hapo hakuna tiba tena. Dalili zikishatokea, karibu wote hufa. Duniani kichaa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa mate ya mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwao. Kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni dakika 15 kamili, sabuni ya kufulia inatosha, kisha mtu apelekwe hospitali kuu ya zoni ya afya akadungwe chanjo kabla ya dalili. Mbwa mwenyewe, kama anaweza kufungwa bila hatari, afungwe siku kumi badala ya kuuawa papo hapo: akiwa mzima siku ya kumi na moja, mate yake hayakuwa na virusi siku aliyouma.

Kasongo ni mji wa Waislamu tangu enzi za Tippu Tip, na wapo wasemao kwamba mbwa ni najisi, kwa hiyo hawawezi kumshika wala kumpeleka kudungwa. Mafakihi wa Kishafii waliosema mate yake ni najisi, na chombo alichokilamba kioshwe mara saba, moja kwa udongo, ndio haohao walioruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Kamba shingoni na mikono iliyooshwa havimtoi mtu katika dini. Hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumtekea mbwa mwenye kiu maji kisimani inajulikana na kila aliyepita madrasa. Upande wa Wakristo hakuna wa kujivuna. Teke la mbwa halina dhehebu.

Na wale wa mjini wanaomlisha nyama mbwa wa Kijerumani huku wakimdharau yule mwekundu asiyebweka, mwenye kengele ya mti shingoni: Waingereza walimpenda huyohuyo kiasi cha kumsafirisha kutoka Kongo mwaka 1895. Wawili wa kwanza walikufa kwa ugonjwa wa mbwa ambao kwao hawakuwahi kukutana nao, na ni 1937 ndipo walipofanikiwa kuwazalisha. Leo huitwa basenji na huuzwa ghali.

Paka wamebakiwa na mistari michache. Paka anayeumwa na mbwa mgonjwa huambukizwa naye, na mikwaruzo yake huwafika watoto usoni kwa sababu humbeba kifuani. Chanjo ipo kwa ajili yake pia. Siku ya kuchanja aletwe ndani ya gunia lililofungwa mdomo, akitolewa kichwa tu.