Wino wa Wanafunzi

Mimi ni mwandika vibao. Naandika majina ya maduka na ya mashua, nachora vichwa kwenye kuta za vinyozi, na miaka 18 ya kazi hii imenizoesha kutafuta brashi ilipotua na ilipoinuliwa. Ndiyo maana binamu yangu, ambaye ni baharia, aliponiletea kutoka Yokohama juzuu ya 42 ya Berserk kwa Kijapani, lugha nisiyoijua hata herufi moja, nilifurahi sana. Maneno nilikwisha kuyasoma katika tafsiri. Nilichokuwa nakitaka sasa ni mistari.

Berserk ni manga, hadithi ya picha ya Kijapani, na ilianza mwaka 1989. Imejaa mazimwi na uchawi, ila moyo wake ni watu watatu. Guts ni mpiganaji wa jicho moja na mkono wa chuma, anayebeba upanga mpana kama ubao wa mlango. Griffith alikuwa kamanda wake na rafiki yake, mpaka siku jua lilipopatwa, akawatoa wenzake kafara ili apate enzi ya kishetani. Casca, mpenzi wa Guts, aliponea siku ile, lakini akili ilimtoka. Kwa miaka mingi sisi wasomaji tulisafiri nao, miaka kadhaa kati ya hiyo tukiwa melini tu, kuelekea kisiwa ambako Casca angetibiwa. Katika juzuu ya 40, iliyotoka Japani mwaka 2018, akili yake ilirudi.

Tarehe 6 Mei 2021 Kentaro Miura, aliyeitunga na kuichora hadithi hii, alifariki baada ya kuchanika mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni. Alikuwa na miaka 54. Nakala zaidi ya milioni 50 zilikuwa zimeshasambazwa, na hadithi haijafika mwisho. Wasaidizi wake wa Studio Gaga walikamilisha sura ya 364 aliyoiacha mezani, nayo ndiyo inayofunga juzuu ya 41: mtoto wa ajabu anayewatokea usiku wa mbalamwezi anageuka kuwa Griffith, mbele ya macho ya Guts, na Griffith ana chozi. Wengi tulidhani hapo ndipo patakuwa mwisho.

Lakini Juni 2022 ikatangazwa kwamba itaendelea. Studio Gaga wangechora, na Kouji Mori, mchoraji wa manga na rafiki wa Miura tangu shuleni, angesimamia. Karibu miaka 30 kabla ya hapo Miura alikuwa amemsimulia hadithi yote hadi mwisho wake. Mori aliahidi jambo moja: ataandika yale tu aliyoyasikia kwa Miura, asiongeze lake. Juzuu ya 42 ikatoka Septemba 2023, na wasomaji wakagawanyika mpaka leo.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, yuko upande wa wanaosema kazi ingeachwa palepale. Alikuja karakanani, akafunua kurasa kumi hivi, akaniambia, "Mjomba, humu mwenyewe hayumo." Nikamwomba anionyeshe wapi. Akaweka kidole kwenye macho ya Guts.

Hakukosea. Nyuso za juzuu hii zimelainika kupita kiasi. Miura alikuwa akirundika vistari vyembamba chini ya jicho hadi uchovu wa mtu ukaonekana kama kovu. Hapa vistari vimepungua na jicho limebaki jicho. Ila nikamfungulia kurasa za kisiwa kinapoporomoka, nikamwambia atazame miti, mawimbi na mawe yanayoruka. Pale mkono hautetereki hata kidogo. Wasaidizi hawa hawakuokotwa njiani. Walifanya kazi na Miura meza kwa meza. Msomaji anayesema huu ni wino wa wageni anasahau kwamba wino huo alikuwa anautazama tangu juzuu za nyuma, bila kujua ni wa nani.

Lawama ya pili ni mwendo. Guts anamshambulia Griffith na upanga haumfikii, Casca anachukuliwa, kisiwa kinatoweka, na Guts anavunjika kabisa. Wako wanaosema shujaa wao hawezi kukata tamaa hivyo. Mimi naamini anaweza. Mtu aliyebeba tumaini moja kwa miaka yote ile, likinyakuliwa mbele yake, sioni atasimama kwa nguvu gani. Kinachoniuma ni kwamba tunafikishwa hapo mbio. Miura angetumia kurasa tatu nzima bila neno, upepo tu na mkono unaotetemeka. Mori hana kurasa hizo, kwa sababu rafiki yake alimsimulia matukio, na kimya hakisimuliki. Angeweza kukibuni. Aliahidi kutobuni, na hilo namheshimu nalo hata pale linapoifanya sura iwe kavu.

Lawama ya tatu niliipata kwa mteja wangu, mama mwenye duka la vitambaa, msomaji wa Berserk kuliko sisi sote. "Fundi, huyu dada kangojwa miaka yote apate akili yake," aliniambia, "kaipata, mara kabebwa kama mzigo." Hapa sina la kumjibu. Huenda juzuu zinazofuata zitamrudishia Casca sauti, lakini katika hii alistahili zaidi ya alichopewa.

Mwalimu wangu wa kazi alifariki akiwa ameandika nusu ya kibao cha duka la dawa. Nilikimalizia mimi. Herufi zangu zilikuwa nyembamba kuliko zake, na mwenye duka aliliona hilo siku ileile, akauliza mbona neno la mwisho limekonda. Nilimweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kipandishwe.

Kwenye juzuu ya 42 jina la Miura linatangulia kama mwenye hadithi, ndipo wafuate Studio Gaga kwa michoro na Mori kwa usimamizi. Kibao cha duka la dawa bado kiko juu ya mlango, rangi imepauka upande wa jua. Chini, kwenye kona ya kulia, nilitia jina la mwalimu wangu.