Unaweka Meza Kwenye Tamasha la Anime? Pesa ya Mauzo Ipe Mfuko Wake

Jumamosi asubuhi, steji ya Donholm. Msichana wa miaka ishirini na kitu anapanda matatu akiwa na wigi ya kijani na upanga mkononi. Upanga wenyewe ni mkeka wa mazoezi uliokatwa, ukaunganishwa kwa gundi na kupakwa rangi ya fedha. Kaka yake anamfuata na katoni ya stika.

"Siz, wewe ni nani leo?" konda anauliza.

"Zoro. Wa One Piece."

"Zoro ana panga tatu. Zingine mbili ziko wapi?"

"Ziko kwa katoni."

Gari zima linacheka. Konda anajua anime. Eastlands hilo si jambo la kushangaza. Wengi wetu tulianza kwenye movie shop ya mtaa, Umoja, Kayole au Jericho, ambapo unapeleka flash na kujaziwa Naruto kwa bob chache. Leo watoto wa hiyo flash wamekua. Wanachora, wanashona, na wanalipia meza kwenye matamasha ya mashabiki kama NAICCON na Otamatsuri hapa Nairobi.

Makala haya ni ya hao wenye meza, na ya wale wanaokwenda kununua. Tunataka kusema jambo moja tu: siku ya tamasha, pesa ya mauzo isiingie kwenye mfuko mmoja na pesa yako ya nyumbani. Tutaeleza kwa nini, halafu tutaeleza namna ya kufanya.

Meza ni biashara, hata kama umekuja kwa mapenzi

Mashabiki kuuziana kazi zao si jambo jipya. Huko Tokyo, soko la mashabiki liitwalo Comiket lilianza Desemba 1975 na vikundi 32 tu vya wachoraji, na watu kama 700 walihudhuria. Leo ni miongoni mwa masoko makubwa zaidi ya aina hiyo duniani, na bado msingi ni ule ule: meza, mchoraji, na msomaji anayetoa pesa mfukoni.

Kwetu pia vikatuni na pesa za simu vimewahi kukutana. Shujaaz, kile kitabu cha katuni cha Kisheng kilichoanza 2010, kilikuwa kikigawiwa bure ndani ya gazeti na pia kwenye vibanda vya M-Pesa. Ulienda kutoa pesa, ukarudi na hadithi.

Sasa tupige hesabu ya meza ya kawaida. Hii ni mifano tu, bei zako zitakuwa tofauti. Marafiki watatu wanachanga 5,500 kila mmoja, jumla 16,500. Inatumika hivi:

- Meza: 6,000
- Stika 300 za kuchapisha kwa bob 15: 4,500
- Posta 40 kwa bob 120: 4,800
- Nauli na chakula: 1,200

Wakiuza stika 200 kwa bob 50, hiyo ni 10,000. Wakiuza posta 25 kwa 400, hiyo ni 10,000 nyingine. Jumla 20,000. Faida ya siku nzima ya kusimama ni 3,500, na stika 100 na posta 15 zimebaki za kuuza siku nyingine.

Angalia hiyo 3,500 vizuri. Mteja mmoja akiondoka na posta tatu bila kulipa, 1,200 imeenda. Hiyo ni theluthi ya faida yenu. Ndiyo maana mambo madogo ya simu yanakuwa makubwa mezani.

Siku mauzo yalienda poa na pesa haikutosha

Mwenzetu mmoja hapa ofisini, binti wa Buruburu, aliweka meza na marafiki wawili kwa hesabu karibu sawa na hiyo. Wakauza za 20,000, na daftari lilisema hivyo. Cash ilikuwa 2,400, zilizobaki 17,600 zilipitia namba yake ya kawaida ya simu.

Jioni walipokaa chini kugawana, simu ilikuwa na 12,650. Ukiongeza cash, 15,050. Yaani hata zile 16,500 walizochanga hazikurudi.

Marafiki walimwangalia. Hakuna aliyesema neno "umekula", lakini kila mtu alilisikia.

Usiku ule akafuatilia ujumbe mmoja mmoja. Pesa ilikuwa imetoka kwa milango mitatu:

- 2,900 zilikatwa na deni. Wiki iliyopita alikuwa amechukua overdrafti ya simu kulipa tokeni za stima na mambo mengine ya nyumbani. Deni la aina hiyo hujilipa lenyewe pesa inapoingia kwenye laini, bila kukuuliza. Wateja wa kwanza wa asubuhi, bila wao kujua, walikuwa wanamlipia stima.
- 850 zilitoka kwa vitu vidogo: maji, gundi, bundle, boda ya kurudi kuchukua mkasi. Zipi zilikuwa za meza na zipi zake binafsi? Hakuna aliyekumbuka.
- 1,200 hazikuwahi kuingia. Wateja wawili walionyesha ujumbe kwenye simu zao, naye akatingisha kichwa na kuwapa mzigo. Ujumbe ulikuwa wa uongo.

Alirudisha 2,900 kidogo kidogo kwa miezi miwili. Pesa iliisha kulipwa, lakini mmoja wa wale marafiki hakuweka meza naye tena. Walikuwa wamechora pamoja tangu darasa la sita.

Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza, siku hizi daftari peke yake halitoshi. Hawa walikuwa na daftari. Walichokosa ni mfuko.

Kabla ya siku: fungueni mfuko wa meza

Wengi wenu mnatumia M-Pesa, wengine Airtel Money. Wazo ni lile lile, menyu tu ndizo hutofautiana. Kwa M-Pesa una njia mbili rahisi.

Ya kwanza ni Pochi la Biashara. Inakaa kwenye laini ile ile uliyo nayo, lakini salio la biashara unaliona peke yake, mbali na salio lako la kila siku. Unajisajili kupitia *334#, na imetengenezwa kwa ajili ya mama mboga, fundi na watu wa meza ndogo kama wewe.

Ya pili ni Till ya Buy Goods. Inafaa zaidi kama mnaweka meza mara nyingi au mna duka mtandaoni. Mteja halipi ada ya kutuma anapolipa kwa Till, na jina la biashara yenu ndilo anamwona kabla ya kuweka PIN. Mwenye biashara hukatwa asilimia ndogo, kwa hivyo iweke kwenye hesabu ya bei.

Yoyote mtakayochagua, fanyeni hivi wiki moja kabla:

1. Jaribuni. Tumeni bob 10, muone inaingia wapi na ujumbe unasomeka vipi. Usijaribu kwa mara ya kwanza mbele ya foleni.
2. Chapisheni namba kubwa kwenye karatasi, pamoja na jina litakalotokea. Jina likitofautiana na la meza, andikeni lote. Mteja akiona jina asilolijua ataacha kulipa, na yuko sahihi.
3. Andikeni nani amechanga ngapi, na mkubaliane deni la mtu binafsi halilipwi na mauzo ya meza.
4. Wekeni cash ya matumizi madogo kando, kwa mfano 1,000 kwenye bahasha. Maji na gundi zitoke hapo, simu isiguswe.

Mezani: muuzo haujaisha mpaka pesa iwe kwako

Ukumbi ukijaa, kwa mfano pale Sarit Expo Centre, Westlands, ambako NAICCON imewahi kufanyika, watu wengi wanatumia simu kwa wakati mmoja. Mtandao unaweza kulegea na ujumbe ukachelewa. Muziki uko juu, mtu amevaa kinyago, nyuma yake kuna watu sita wanaosubiri. Hapo ndipo mwenye meza anaanza kuamini simu ya mteja badala ya yake mwenyewe.

Usiamini skrini ya mteja. Skrinshoti inaweza kuhaririwa. Ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote ukatumwa kutoka laini ya kawaida. Ujumbe wa kweli wa M-Pesa unakuja chini ya jina MPESA, si kutoka namba ya mtu inayoanza na 07 au 01. Na hata ukionekana sawa, salio ndilo lenye neno la mwisho. Kama salio halijapanda, pesa haijaingia.

Kwa hivyo gawaneni kazi. Mmoja auze, mmoja akae na simu ya malipo na daftari. Huyo wa simu ndiye anayesema "imeingia", na mzigo hautoki kabla ya hilo neno. Kwenye daftari aandike kitu kilichouzwa, kiasi, na herufi tatu za mwisho za nambari ya muamala. Inachukua sekunde tano, na jioni inaokoa urafiki.

Ujumbe ukichelewa, usigombane na mteja. Mwambie kwa heshima: "Samahani bro, mtandao uko chini, acha tuangalie salio." Mteja halisi atasubiri. Mwekee kitu chake kando, aendelee kuzunguka, arudi baadaye.

Kuna ujanja mwingine wa kuchunga. Mtu anapiga simu au anakuja mezani: "Nimetuma 2,000 badala ya 200, nirudishie 1,800." Usitume kwa haraka. Kwanza angalia salio kama hiyo 2,000 iliingia kweli. Hata kama iliingia, usiirudishe kwa mkono wako, kwa sababu anaweza kuomba irudishwe rasmi pia, ukalipa mara mbili. Mwambie atume ule ujumbe wake wa muamala kwenda 456, hiyo ndiyo njia ya M-Pesa ya kurudisha pesa iliyokosewa. Kama ni mkweli, hatapoteza kitu.

Na PIN? Haisemwi kwa mtu yeyote, hata kwa anayedai anapiga simu kutoka kwetu. Sisi hatuiulizi kamwe.

Wewe unayekwenda kununua

Tamasha lina mitego ya mnunuzi pia. Tiketi inunue kwa njia iliyotangazwa na waandaaji wenyewe, si kwa mtu aliyekuandikia inbox kwamba ana mbili za bei ya chini. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Ukikosea, usipoteze muda, tuma ujumbe wa muamala kwenda 456 mara moja, kabla aliyepokea hajaitumia.

Kama unaagiza vazi la kosplei kwa fundi, pengine kitambaa ni cha Eastleigh na viatu vya kurekebisha ni vya Gikomba, usilipe zote mbele. Toa nusu, andikianeni kwa ujumbe vazi ni lipi na linakamilika lini, halafu umalizie ukishalivaa na kuona linakukaa. Silaha ya vazi itengenezwe kwa foamu au mbao nyepesi. Vyuma vya Kamukunji ni vizuri, lakini mlangoni panga la chuma linaweza kuzuiwa, na pesa yako imeenda.

Halafu jambo ambalo wengi hucheka mpaka siku linawapata: tenga nauli. Kutoka Westlands kurudi Kayole ni gari mbili, na usiku nauli hupanda. Weka 300 cash ndani ya kiatu kama ni lazima. Posta ya Gojo haikubaliki kama nauli.

Jioni: fungeni hesabu kabla ya kufunga katoni

Kabla hamjatoka ukumbini, kaeni dakika kumi. Soma jumla ya daftari. Soma salio la mfuko wa meza. Hesabu cash. Vitu vitatu vikikubaliana, gawaneni hapo hapo kila mtu akiona. Visipokubaliana, tafuteni tofauti wakati kumbukumbu bado ziko. Kosa la saa kumi na mbili jioni mnalipata. La Jumatano ijayo hamlipati.

Yule mwenzetu wa Buruburu bado anaweka meza. Siku hizi yuko na mdogo wake, na kwenye kona ya meza yao kuna karatasi ya manjano yenye namba ya Till na maneno manne: "Tunasubiri simu yetu iseme." Wateja hucheka wakiisoma, wengine wanaipiga picha. Mara ya mwisho tulipomuuliza walifungaje, alituonyesha daftari na simu, moja mkono huu na nyingine ule. Zilikuwa sawa mpaka bob ya mwisho.

Ukiwa na swali kuhusu kufungua mfuko wa biashara, tuandikie au tupigie kabla ya tamasha lijalo. Na tukikutana ukumbini, tuonyeshe panga zako zote tatu.