Watani wa Songea na Uwanja wa Dabi

Songea, ukitaka kujua mtu ni wa Simba au wa Yanga, sikiliza anavyoitwa. Wa Yanga ataitwa Utopolo, wa Simba ataitwa Kolo, na kila mmoja ataitika bila kununa kwa sababu aliyemwita ni mtani wake. Wangoni wa hapa wana mazoea marefu ya utani. Wao na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, na leo wajukuu wa pande zote mbili wanataniana hata msibani huku wakisaidiana kazi. Utani wa mpira umeingia katika mazoea hayohayo, ukakuta adabu zake zipo tayari.

Siku ya dabi, vibanda umiza vya Bombambili, Mfaranyaki na Lizaboni hujaa mapema. Nyekundu upande huu, kijani na njano upande ule. Benchi la mbele ni la wazee, wa timu yoyote. Kijana wa Yanga humpisha mzee wa Simba na kumwambia, "Karibu ukae babu, ila leo mtalia." Mzee naye humjibu, "Mjukuu wangu, sisi tulishalia Nyamagana, tumezoea."

Nyamagana ni uwanja wa Mwanza. Tarehe 10 Agosti 1974 watani hao walikutana huko, mbali na Dar es Salaam, na Yanga ikashinda 2-1 baada ya dakika za nyongeza. Mechi hiyo hutajwa kila mjadala wa uwanja huru unapowaka. Dar, klabu zote mbili zina makao Kariakoo na kwa miaka mingi zimekutana Uwanja wa Mkapa, kwa hiyo mwenyeji na mgeni hutofautiana zaidi kwenye karatasi na kwenye mapato ya mlangoni. Timu zikitoka Dar ndipo mizani inapokuwa sawa. Tarehe 25 Julai 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho ilipigwa Kigoma, Simba ikashinda kwa bao la Taddeo Lwanga. Agosti 2023, Ngao ya Jamii ilichezwa Mkwakwani, Tanga, ikaamuliwa kwa penalti, Simba ikashinda tena. Mashabiki wa Yanga hapa Songea wakisikia orodha hiyo hukimbilia Mwanza ya Mei 2022, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho waliyoshinda 1-0 kwa bao la Feisal Salum.

Ubishi wa uwanja una raha yake. Wa ratiba unauma. Shabiki wa Songea yuko zaidi ya kilomita 900 kutoka Uwanja wa Mkapa. Basi linamchukua siku nzima kupitia Njombe na Makambako, na nauli aliichanga kwa wiki kadhaa. Tarehe 8 Mei 2021, dabi iliyopangwa saa 11 jioni ilisogezwa hadi saa 1 usiku siku hiyohiyo. Yanga ikafika kwa saa iliyopangwa awali ikaondoka, na mechi haikuchezwa hadi Julai 3. Machi 8, 2025 yakajirudia kwa sura nyingine. Simba ilisema imezuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, ikatangaza haichezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha. Yanga ikaenda uwanjani ikidai pointi zake. Mpira ulichezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0. Viongozi walibishana kwa vifungu vya kanuni, na kila upande ulikuwa na kifungu chake. Aliyesafiri kutoka Ruvuma hakuwa na kifungu.

Na hapa utani hunyamaza. Nimewasikia Utopolo na Kolo wakilaumu kwa sauti moja, jambo ambalo hata Taifa Stars haiwezi kulifanya kila mara. Kwa mila za utani unaweza kumwambia mtani lolote, lakini miadi mliyowekeana unaitimiza.

Klabu yetu ya Majimaji, Wanalizombe, ilikuwa Ligi Kuu hadi 2018. Simba au Yanga ilipokuja Uwanja wa Majimaji, jezi za wageni zilifunika majukwaa, mwenyeji akawa mgeni mjini kwake. Hilo linaniuma, lakini linaonyesha njaa iliyopo hapa ya kuziona timu hizo.

Dabi ya ligi ni vigumu kuihamishia huku, kwa kuwa mapato ni ya timu mwenyeji na haitayaachia kirahisi. Lakini fainali ya Kombe la Shirikisho, ambayo watani wakifika huwa dabi, ni ya TFF, shirikisho la soka. Dodoma ilipewa 2017, Arusha 2018, Lindi 2019, Sumbawanga 2020, Kigoma 2021, kisha Arusha tena, Tanga na Zanzibar. Songea nayo ipewe, na tarehe itangazwe mapema ili mtu wa Mbinga auze kahawa yake na kukata tiketi.