Choo kimoja kipana kwa wateja wote

Mfanyabiashara anayejenga mgahawa, duka la pembejeo au ghala la kununulia mazao hupiga hesabu ya mabati, nondo na saruji, lakini choo humwachia fundi. Fundi naye hujenga alivyozoea: chumba cha sentimita 90 kwa 150, mlango mwembamba unaofunguka kwa ndani, na kizingiti kirefu cha kuzuia maji ya mvua. Mteja mwenye kiti cha magurudumu anaishia nje. Mzee aliyeleta magunia yake ya mahindi, ambaye magoti yamechoka, anaingia ila kunyanyuka ni kazi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo yanayohudumia umma Tanzania yafikike. Penye nafasi ya choo kimoja tu, kijengwe kipana, kitumiwe na wote.

Kipimo cha kuanzia ni duara la sentimita 150 sakafuni, lisilo na kitu, ili kiti cha magurudumu kiweze kugeuka. Chumba cha mita 1.7 kwa 2.2 kinatosha. Choo cha kukaa kiwekwe kwenye ukuta mfupi, karibu na kona: kutoka ukuta wa pembeni hadi katikati ya choo iwe sentimita 45 hadi 50. Upande wa pili ubaki wazi, maana hapo ndipo mtu anapohama kutoka kiti chake. Kimo cha kukalia kiwe sentimita 40 hadi 48. Bomba la kushikia lifungwe kwenye tofali imara, kwani litabeba uzito wa mtu mzima. Mlango uache uwazi usiopungua sentimita 80 na ufunguke kwa nje. Mtu akianguka ndani, mlango unaofunguka kwa ndani unazuiwa na mwili wake.

Kizingiti kiondolewe. Sakafu ikiwa juu ya uwanja kwa sentimita 15, mteremko wa moja kwa kumi na mbili unahitaji urefu wa sentimita 180.

Gharama je? Kuta za chumba hiki zinazidi zile za chumba chembamba kwa mita 3 hivi. Kwa kimo cha mita 2.4, hayo ni matofali ya saruji kama 65, pamoja na mchanga na saruji yake. Shimo, bomba la maji na choo chenyewe ungevinunua vyovyote vile.

Tatizo huja baadaye. Nafasi ile ikionekana tupu, makreti ya soda na mifagio huhamia humo, na duara limekwisha.

Ramani ipelekwe kwa mhandisi wa halmashauri wakati wa kuomba kibali, kabla msingi haujachimbwa. Kupanua chumba kilichokwisha kupigwa lipu ni kubomoa na kununua tofali mara ya pili.